Karatasi iliyoponea moto: mwongozo wa kuandika riwaya ya mpelelezi binafsi na siri za vita za Japani

Riwaya nyingi za aina hii huharibika kabla hata maiti ya kwanza haijaokotwa, kwa kuwa mwandishi ameshika siri ambayo si siri tena. Kwamba jeshi la Japani lilikuwa na Kikosi cha 731 huko Pingfang, kilomita 24 hivi kusini mwa Harbin, kaskazini-mashariki mwa China. Kwamba kiliwaua wafungwa kwa majaribio ya magonjwa. Kwamba mkuu wake, daktari Ishii Shiro, hakufikishwa mahakamani hadi alipokufa Tokyo mwaka 1959: hayo yote yako vitabuni na makumbushoni. Mpelelezi akihangaika kurasa 300 ili ayagundue, msomaji mwenye simu mkononi atakuwa ameshamaliza safari hiyo ukurasa wa 20. Siri inayoweza kubeba riwaya ni ndogo na ina jina la mtu ndani yake. Nani alitia muhuri? Nani alipata cheo, kampuni au shamba kwa sababu ya muhuri huo? Na nani leo yuko tayari kuua ili usionekane?

Hatua ya 1: Chagua mwaka kabla ya mhusika

Mwaka ndio unaoamua nani bado yu hai. Chora safu nne: jina, mwaka wa kuzaliwa, umri mwaka 1945, umri katika mwaka wa kisa. Daktari aliyekuwa na miaka 30 vita vilipokwisha ana 33 mwaka 1948, 74 mwaka 1989 na 103 mwaka 2018. Kikosi kilikuwa pia na kundi la wavulana waliochukuliwa wangali wadogo wakafunzwe kazi. Mvulana wa miaka 14 mwaka 1945 ana 58 mwaka 1989, na mwaka 2018 ana 87. Huyo mvulana ni hazina. Aliona mengi, hakuamuru lolote, na anaishi muda mrefu kuliko wakubwa zake. Mfanye shahidi, usimfanye muuaji.

Kuna miaka mitatu inayojibu vizuri.

Mwaka 1948 Tokyo iko chini ya jeshi la Marekani na magazeti yanakaguliwa. Tarehe 26 Januari, Jumatatu, benki ya Teikoku tawi la Shiinamachi ilipokuwa imetoka tu kufunga milango, aliingia mwanamume aliyejitambulisha kuwa mtu wa afya. Alisema kumezuka kuhara damu hapo mtaani, akawapa watu 16 dawa mbili wanywe moja baada ya nyingine, na ya kwanza akainywa mwenyewe kuwaonyesha namna ya kuimeza. Watu 12 walikufa kwa sumu ya jamii ya sianidi, naye akatoka na fedha. Polisi waliwapekua watu waliowahi kuwa katika vikosi vya siri vya jeshi, kisha mwezi wa Agosti wakamkamata mchoraji Hirasawa Sadamichi. Alihukumiwa kunyongwa mwaka 1950, hakunyongwa, akafia kizuizini mwaka 1987 akiwa na miaka 95. Ukiutumia mwaka huu, usijifanye umelitegua fumbo lile. Mweke mpelelezi wako pembeni yake: kaajiriwa kwa jambo dogo, mara polisi wanamwuliza kwa nini jina la mteja wake limo katika orodha yao.

Mwaka 1989 ndio tunaoupendekeza kwa riwaya ya kwanza. Mfalme Hirohito amefariki Januari. Julai, mafundi wanaochimba msingi wa jengo la utafiti wa afya mtaa wa Toyama, Shinjuku, wanafukua mifupa ya watu wengi mahali palipokuwa na Chuo cha Tiba cha Jeshi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha baadhi ina alama za msumeno na za kutobolewa. Bei ya ardhi ya Tokyo imepanda kupita kiasi, kwa hiyo kila siku ujenzi unaposimama kuna mtu anapoteza fedha. Hakuna simu za mkononi za kila mtu, mpelelezi anapiga simu ya barabarani kwa kadi, na wazee wa vitani wangali wana nguvu ya kusema uongo.

Mwaka 2018 Nyaraka za Taifa za Japani zilitoa orodha ya majina 3,607 ya waliokuwa Kikosi cha 731, baada ya profesa mmoja wa tiba kuiomba. Hapo kisa ni cha wajukuu. Anayetafutwa amekwishakufa, na mteja wako ni mtu aliyeliona jina la babu yake.

Mwaka ukishachaguliwa, angalia mara moja ukomo wa mashtaka, maana ndio unaoua misuko mingi. Hadi mwisho wa 2004, kesi ya mauaji Japani haikuweza kufunguliwa baada ya miaka 15 kupita. Kwa mauaji yaliyofanywa kuanzia 2005 ikawa miaka 25, na Aprili 2010 ukomo ukaondolewa, ila kwa zile kesi tu ambazo muda wake ulikuwa bado haujaisha. Maana yake, mwaka 1989 hakuna daktari wa Pingfang anayeogopa kitanzi kwa mambo ya 1945. Mwandishi anayemfanya mzee aue "ili asifungwe" amekwishaanguka. Lakini sheria hiyohiyo ina mlango wa nyuma: saa ya ukomo husimama muda wote mhalifu akiwa nje ya Japani. Mtu aliyeua Tokyo mwaka 1960 akaishi São Paulo miaka 20 anadhani ameokoka, kumbe bado. Paspoti yake ya zamani yenye mihuri ya kuingia na kutoka ni kidokezo kizuri kuliko bastola.

Hatua ya 2: Jenga karatasi

Karatasi ndiyo mhusika mkuu wa pili. Agosti 1945 amri ilitoka kuteketeza nyaraka. Ichigaya, kwenye makao makuu ya jeshi, walichoma siku kadhaa mfululizo. Wasovieti walipoivamia Manchuria, eneo hilo la China lenye Pingfang, tarehe 9 Agosti, wafungwa waliobaki Pingfang waliuawa na majengo yakalipuliwa, ingawa hadi leo mabomba ya moshi ya jengo la mitambo yamesimama. Kwa hiyo kila karatasi iliyopo katika riwaya yako lazima ieleze iliponea wapi. Zipo njia nne za kweli:

Ya kwanza, Wamarekani waliikamata, ikapelekwa Washington, na nyingi za namna hiyo zilirudishwa Japani mwaka 1958. Ya pili, ilikuwa kwenye maungamo ya mbele ya Wasovieti: mahakama ya Khabarovsk ya Desemba 1949 iliwahukumu watu 12, na mwenendo wake ulichapishwa Moscow mwaka uliofuata, kitabu ambacho Magharibi walikipuuza miaka mingi wakikiita propaganda. Ya tatu, ilifukiwa ardhini na polisi wa kijeshi huko Changchun, ikafukuliwa baadaye na Wachina. Ya nne ni tamu kuliko zote: ofisa aliibeba nyumbani, akafa, mjane akauza makabati pamoja na vilivyomo, na karatasi ikaishia kwenye duka la vitabu chakavu. Hili si la kubuni tu. Mwaka 1984 mwanafunzi alikuta nyaraka za majaribio ya jeshi kwenye duka la vitabu vya mitumba mtaa wa Kanda, Tokyo.

Baada ya hapo amua imebeba nini. Ukurasa mmoja unatosha. Chagua kati ya hati ya kumhamisha mfungwa, ambayo polisi wa kijeshi waliiandika wakimpeleka mtu Pingfang bila kesi. Ratiba ya zamu yenye mihuri ya madaktari. Stakabadhi ya viroboto na panya, kwa kuwa tauni ilisambazwa kwa viroboto, kama ilivyotokea Ningbo Oktoba 1940 na Changde Novemba 1941. Au ukurasa wa daftari la maabara usio na jina la mgonjwa, una namba tu. Hati ya uhamisho ndiyo yenye nguvu zaidi: ina majina mawili, la aliyepelekwa na la aliyempeleka. Familia ya wa kwanza inamtafuta. Familia ya wa pili inaficha.

Hatua ya 3: Ipime karatasi kama anavyoipima mwenye shaka

Hapa ndipo raha ya kazi ilipo, na ndipo waandishi wavivu hujulikana. Mpelelezi hodari hashangai akipewa hati ya siri, hujiuliza kwanza kama ni ya kughushi. Vipimo vifuatavyo ni vya kweli, na kila kimoja kinaweza kuwa sura nzima.

Anwani. Kabla ya tarehe 15 Machi 1947 hapakuwa na wilaya iitwayo Shinjuku. Palikuwa na Ushigome, Yotsuya na Yodobashi, zikaunganishwa siku hiyo. Chuo cha Tiba cha Jeshi kilikuwa Ushigome. Barua ya 1944 iliyoandikwa "wilaya ya Shinjuku" imeandikwa baada ya vita, basi. Vilevile jina Tokyo-to lilianza tarehe 1 Julai 1943, mji na mkoa vilipounganishwa. Hati ya 1942 haiwezi kuwa nalo.

Mwaka. Hati huhesabu kwa enzi za wafalme. Mwaka wa Showa (enzi ya Hirohito) ongeza 1925: Showa 20 ni 1945, Showa 23 ni 1948. Taisho (enzi ya baba yake) ongeza 1911. Showa 64 ilidumu siku 7 tu, kuanzia Januari 1 hadi 7 ya 1989. Hati yenye tarehe ya Showa 64 mwezi wa Machi ni ya kuchekesha, na muuaji mwenye haraka anaweza kuiandika.

Jina la kikosi. Namba 731 ilianza kutumika mwaka 1941. Kabla ya hapo kulikuwa na majina mengine, na jina rasmi lilihusu kuzuia maradhi na kusafisha maji. Hati ya 1937 yenye namba 731 ni feki bila mjadala.

Mwandiko. Amri za jeshi ziliandikwa kwa kanji, herufi zenye asili ya Kichina, pamoja na katakana, mojawapo ya seti mbili za herufi za sauti (kana). Hiragana, seti ya pili, ambayo mtoto wa leo huanza nayo shuleni, haikuwa ya amri. Tahajia ya kana ilibadilishwa Novemba 1946, na kabla ya hapo vichwa vya maandishi ya mlalo mara nyingi vilisomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Angalizo: herufi fupi za kanji watu walikuwa wakiziandika kwa mkono hata kabla ya vita, kwa hiyo usizifanye ushahidi wa mwisho.

Vifaa. Hati za ndani zilichapwa kwa stensili ya karatasi ya nta iliyochorwa kwa kalamu ya chuma, wino ukipitishwa kwa roli, ndiyo maana mistari huwa na ukungu pembeni. Zilitobolewa matundu na kufungwa kwa uzi. Saini ya kalamu ya bolpeni kwenye hati ya 1944 ni aibu ya mghushi. Na bahasha yenye msimbo wa posta ni ya baada ya Julai 1968. Msimbo wa tarakimu saba ni wa kuanzia Februari 1998.

Silaha. Namba ya aina hutoka kwenye kalenda ya kifalme: Aina ya 99 ni mwaka 2599, yaani 1939, bastola ya Aina ya 94 ni 1934. Lakini bastola ya Nambu ya Aina ya 14 ni ya Taisho 14, yaani 1925, wala si 1914. Waandishi wengi hunaswa na mtego huo.

Chagua vipimo viwili tu, basi. Ukivitumia vyote riwaya inageuka darasa. Namna nzuri ni hii: kipimo cha kwanza kionyeshe hati ni ya kughushi, mpelelezi aitupe, cha pili, sura kumi baadaye, kionyeshe kwamba iliyoghushiwa ni bahasha tu na ukurasa wa ndani ni halisi. Mtu alitaka hati ya kweli ionekane ya uongo. Hapo msomaji hataweka kitabu chini.

Hatua ya 4: Mpelelezi anayeweza kufanya kidogo

Mpelelezi binafsi wa Japani hana bunduki, hana kitambulisho cha kumtisha mtu, na hana mamlaka yoyote anayopungukiwa muuza samaki. Sheria ya kazi hiyo ilipitishwa 2006, ikaanza kutumika Juni 2007: lazima ajisajili kwa tume ya usalama ya mkoa kupitia kituo cha polisi, atoe mkataba wa maandishi, na akatae kazi inayolenga kumnyanyasa au kumbagua mtu. Kabla ya hapo mtu yeyote aliweza kufungua ofisi. Kazi za kila siku zilikuwa kuchunguza wachumba, wanandoa wasiotulia, wadaiwa, na waombaji kazi. Mwaka 1975 ilifichuka kwamba makampuni yalikuwa yakinunua vitabu vya siri vyenye majina ya vijiji vya watu waliobaguliwa kwa nasaba, ili wasiwaajiri. Mpelelezi wako wa 1989 mwenye miaka 50 aliijua biashara ile, huenda aliishiriki. Hilo linampa doa lililo la kazi yake mwenyewe, na linafaa kuliko ulevi na mke aliyeondoka.

Atatokaje kwenye jina la karatasini hadi kwenye mlango wa mtu? Fuata mlolongo huu, kwa mwaka 1989:

Aanze na vitabu vya wahitimu wa vyuo vya tiba. Vina jina, mwaka wa kuhitimu, mahali pa kazi na anwani ya nyumbani, na nakala za zamani hupatikana kwenye maduka ya mitumba. Ishii alisoma chuo kikuu cha kifalme cha Kyoto na madaktari wake wengi walitoka huko, kwa hiyo ndiko pa kuanzia. Kisha vyama vya wastaafu wa jeshi, ambavyo huwa na jarida na mkutano wa kila mwaka. Kisha sajili ya familia, inayoonyesha kuzaliwa, ndoa, kuasiliwa na kufariki. Hadi 1976 mtu yeyote aliweza kwenda kuitazama. Baada ya hapo milango ilifungwa, na wapelelezi wasio na haya wakapitia kwa watu wenye fani zilizoruhusiwa. Tendo hilo moja la kununua nakala limfuate mpelelezi wako hadi mwisho wa kitabu. Kisha kitabu cha simu. Kisha hekalu la Kibudha la ukoo, ambako mtawa ana daftari la marehemu, na makaburi yenyewe husema mengi: nani analipia maua, na tangu lini.

Kuasiliwa kusisahauliwe. Japani mwanamume mtu mzima huweza kuasiliwa na ukoo wa mkewe na kuchukua jina lao. Daktari aliyetafutwa kwa jina la 1945 anaweza kuwa mwenyekiti wa kampuni kwa jina jingine, kihalali kabisa, bila hata cheti kimoja kughushiwa. Wasomaji wetu hawalitegemei hilo, na ni la kweli, kwa hiyo litumie katikati ya kitabu pale taharuki inapoanza kulegea.

Mahojiano na mzee ndiyo moyo wa riwaya hii kuliko kufukuzana kwa magari. Mzee asikiri kwa machozi. Mfanye ajue kitu ambacho hakikuandikwa. Mfano:

"Mzee alivaa miwani, akasoma mstari wa kwanza, akaivua. 'Umeipata wapi?' Mpelelezi hakujibu. Mzee akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye matundu mawili ya uzi. 'Nakala ya tatu hii,' akasema. 'Ya kwanza ilibaki kwa mkuu.' Mkewe akaingia na chai, naye akaifunika karatasi kwa gazeti."

Hakuna popote kwenye karatasi palipoandikwa kwamba ni nakala ya tatu. Usimweleze msomaji. Mwachie hadi sura ya 20, mpelelezi atakapokuwa garini moshi na kusikia sentensi ile upya kichwani.

Hatua ya 5: Sababu ya kuua

Kwa kuwa mahakama haitishi tena, bakisha vitu vitatu: fedha, jina, na makubaliano. La tatu ndilo la kipekee kwa historia hii. Kati ya 1945 na 1947 wachunguzi wa Marekani walikuja mmoja baada ya mwingine, Sanders, Thompson, Fell, kisha Hill na Victor, wakitoka kambi ya Detrick, Maryland, kituo cha Marekani cha utafiti wa silaha za vijidudu. Uamuzi uliofikiwa ulikuwa kuziweka taarifa za madaktari hao kwenye ujasusi na kutozipeleka kwenye mashtaka ya vita, na mahakama ya Tokyo ikamalizika Novemba 1948 bila Ishii kusimama kizimbani. Kwa riwaya, maana yake ni kwamba kuna watu wa nchi mbili wenye sababu ya kunyamaza, na mpelelezi hatajua simu ya usiku imepigwa kwa niaba ya nani.

Fedha nayo ina mfano wa wazi. Naito Ryoichi, daktari wa jeshi wa mtandao wa Ishii, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa benki ya damu ya kibiashara mwaka 1950, iliyokuja kuwa kampuni ya Green Cross, na miaka ya 1980 bidhaa za damu za kampuni hiyo ziliwaambukiza wagonjwa virusi vya UKIMWI. Usiitumie kampuni yenyewe wala ukoo halisi. Buni yako. Japani hata marehemu analindwa dhidi ya uongo unaomchafua, na zaidi ya sheria, wahusika wa kubuni wanakuruhusu kuwapa dhambi unazozihitaji.

Kipimo cha sababu ni rahisi: iandike kwa sentensi moja yenye kiasi au cheo. "Akifichuliwa kabla ya Machi, mkataba wa ardhi ya Toyama unavunjika" ni sababu. "Anataka kulinda siri" si sababu, ni maelezo ya jalada.

Hatua ya 6: Panga kwa kadi

Maneno 60,000 yanatosha. Sura 30 za maneno 2,000. Washukiwa watano, watatu wakiwa wazee. Vidokezo kumi, na kila kimoja kipite mbele ya msomaji mara mbili kabla ya kufafanuliwa: mara ya kwanza kikiwa kimefichwa kwenye orodha ya vitu vingine, mara ya pili kikiwa peke yake lakini kwa sababu tofauti. Kwenye kadi ya kila kidokezo andika tarehe tatu: kilipotokea, kilipopatikana, kilipoeleweka. Kadi ambazo tarehe ya kwanza huna uhakika nayo zitenge, ndizo zitakazokuumbua.

Njia ya vitu vidogo inafanya kazi kuliko mashine. Kwenye mauaji ya Teikoku, tumaini kubwa la polisi lilikuwa kadi ya jina. Katika jaribio la awali kwenye benki nyingine, mhalifu alikuwa ameacha kadi halisi ya daktari Matsui Shigeru, na daktari huyo alikuwa na tabia ya kuweka kumbukumbu ya watu aliobadilishana nao kadi. Polisi wakawafuata waliozipokea, mmoja baada ya mwingine, wakidai kila mtu aitoe yake. Hirasawa hakuwa nayo. Alisema aliibiwa pochi. Tazama jinsi kipande cha karatasi kinavyozaa orodha ya washukiwa, safari, na mtu ambaye jibu lake linaweza kuwa kweli au uongo. Kidokezo chako kiwe na uwezo huo.

Hatua ya 7: Majina na Kiswahili chake

Ukoo hutangulia: Ishii ndiyo jina la ukoo. Amua tangu mwanzo kama utaacha "-san", kiambishi cha heshima, au utatumia Bwana na Mzee, kisha usibadilishe. Vyeo vya jeshi vina Kiswahili chake tayari: luteni jenerali, kanali, meja, kapteni. Watu wasiitane kwa jina la kwanza ovyo. Mpelelezi na mzee watabaki "Bwana Fulani" hadi mwisho, na mmoja akiacha heshima hiyo ghafla, msomaji aelewe kwamba mambo yamechafuka.

Wafungwa wa Pingfang waliitwa "maruta", yaani magogo. Neno hilo litoke kinywani mwa mhusika mara moja, labda mbili. Msimulizi asilitumie kamwe. Walikuwa Wachina wengi wao, pamoja na Wakorea, Warusi na Wamongolia, na karatasi yako ya Hatua ya 2 tayari ina jina la mmoja wao. Tumia hilo jina. Mpe pia kazi, mji na mtu aliyemsubiri. Maelezo ya upasuaji yasizidi aya moja katika kitabu kizima.

Ukitaka kisa kiguse kwetu

Si lazima, lakini viungo vya kweli vipo, na havihitaji kuvutwa kwa kamba. Baada ya Japani kuishambulia Colombo Aprili 1942, wavunja-siri wa jeshi la majini la Uingereza walihamia Mombasa, wakafanya kazi katika shule ya Allidina Visram, na huko ndiko ilikovunjwa lugha ya siri ya meli za biashara za Japani iliyoitwa JN-40. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani I-27. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwamo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Na mwaka huohuo askari wa keya (jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, KAR), wa Divisheni ya 11, walipigana bonde la Kabaw huko Bama (Myanmar ya leo) wakati wa masika.

Cha mwisho ndicho chepesi kukigeuza riwaya. Askari wa Japani waliandika shajara, na washindi waliziokota. Shajara iliyorudi katika sanduku la bati la mzee wa keya, isiyosomwa na mtu kwa miaka 45, ikauzwa na mjukuu Nairobi, inamfikia mpelelezi wa Tokyo kwa posta mwaka 1989. Lakini Pingfang na Bama ni mbali sana. Lazima mwandishi wa shajara awe amehamishwa kutoka Manchuria, na tarehe ya uhamisho iwe ukurasani. Usipoiweka, msomaji makini ataidai.

Yanayoharibu rasimu

Dhahabu iliyofukiwa Ufilipino. Hadithi za hazina ya Yamashita zimechosha na haziongozi popote ila kwenye pango. Yakuza, yaani magenge ya uhalifu, kwenye kila kona, nao wako tu kwa sababu ni Japani. Nyaraka zinazosomwa na mpelelezi kijana bila taabu: mwandiko wa jeshi wa 1940 humpa Mjapani wa leo shida ya kweli, kwa hiyo mpe mwenye duka la Kanda amsomee, na mlipe. Fedha za zamani: sarafu ilibadilishwa mapema 1946, na noti zilizofichwa tangu vita hazinunui hata sigara. Na mateka wa mwisho ghalani, muuaji akihutubia kurasa nane. Mzee wa miaka 74 hahutubii. Hupiga simu kwa wakili wake.

Rasimu ikiisha, mpe mtu mmoja anayependa kukosoa kalenda ya mwaka wa kisa chako na kalamu nyekundu. Asisome hadithi. Akague tu kila tarehe, siku ya wiki, umri, anwani na msimbo wa posta, kisha arudi kwenye kadi zako zile ulizozitenga.